Peris Mkamburi, Aliyeomba Winga

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliokusanyika nasi hapa Tottenham leo Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2003, familia ya Dawson na Jerusha Mwandoe inawasalimu na inaomba msikilize kwa utulivu maisha ya binti yao, maisha mafupi ambayo hata hivyo hayasomeki haraka. Anayewasomea ni Darius Mwandoe, baba mdogo wa marehemu, aliyekabidhiwa karatasi hizi na kaka yake na kuagizwa asiruke hata mstari mmoja. Kamati ya mazishi ilipokaa Jumanne iliona mambo ya uwanjani yaachwe, kwa kuwa hapa ni mahali pa kumfariji mzazi na si pa kumwanika, lakini Dawson akasema kama hayo hayatasomwa basi hakuna kitakachosomwa, na wanaomjua Dawson wanajua kwamba akisema hivyo kikao kimekwisha.

Marehemu Peris Mkamburi alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Julai 1985, katika hospitali ya mkoa mjini Mombasa, akiwa mtoto pekee wa Dawson na Jerusha, wote wenyeji wa Werugha, Taita. Baba yake alikuwa karani bandarini, akaja London Februari 1989 kutafuta maisha, akapata kazi ya ufundi katika gereji ya mabasi, na Agosti 1991 mkewe na mtoto wakamfuata, wakakaa flati ya kaunsili, yaani ya serikali ya mtaa, ghorofa ya nne, mahali ambapo lifti ilikuwa ikifanya kazi siku inazotaka yenyewe.

Alianza shule ya msingi hapa hapa Tottenham mwezi Septemba 1991, bila neno la Kiingereza zaidi ya jina la mwalimu wake, na kufikia Krismasi alikuwa ameshaanza kumjibu mama yake kwa Kiingereza, tabia iliyomkaa moja kwa moja, kwani Kiswahili alikisikia chote, matusi yakiwemo, lakini kukisema alikuwa mzito. Septemba 1996 aliingia sekondari, na huko, mwezi Oktoba, mwalimu wa michezo alimpa gongo la hoki kwa sababu tu timu ilikuwa imepungukiwa na mtu mmoja. Jioni hiyo alifika nyumbani na magoti yamechubuka, akamweleza baba yake kwamba amefunga mabao matatu, na Dawson akaacha chakula mezani.

Hapa lazima ielezwe kilichokuwa ndani ya Dawson. Miaka ya sabini alikuwa mshambuliaji wa kati wa timu ya hoki ya wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, na mwaka 1978 kocha alimhamishia winga, akakimbia msimu mzima kwenye chaki, akatoa pasi ambazo wenzake walifungia, na majina ya timu ya taifa yaliposomwa redioni lake halikuwemo. Tangu siku hiyo aliamini kwamba winga hufanya kazi ya punda na mtu wa kati ndiye hupigwa picha, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo, wala sisi ndugu zake hatukujaribu sana, kwa kuwa tulidhani ni maneno ya mchezo tu.

Mwaka 1997, dukani kwa Bi. Pramila, ambako wengi wenu mnanunua mhogo na unga, Dawson alikutana na Bwana Surjit Singh, mzaliwa wa Makupa, Mombasa, ambaye enzi zile alikuwa beki wa kuogopwa na ambaye hapa London alikuwa akifundisha timu ya hoki ya wasichana kila Jumamosi kwenye uwanja wa nyasi bandia karibu na mto Lea. Walikumbatiana mbele ya mizani ya Bi. Pramila mpaka wateja wakaanza kulalamika. Wiki iliyofuata Peris akajiunga na timu ya Surjit, na mwezi haukwisha kabla wazee hao wawili hawajaanza ugomvi ambao ulidumu miaka minne.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu, kwamba Peris acheze kati au acheze winga. Surjit alisema mtoto ana mbio ambazo hajapata kuziona, kwa hiyo apewe uwanja mrefu wa kukimbilia, na Dawson alisema mtoto ana jicho la goli, na mwenye jicho la goli hawekwi ukingoni kama anayesubiri basi. Walibishana kwa Kiswahili pembeni mwa uwanja huku wazazi wa Kiingereza wakiwatazama, wakabishana kwa simu, wakabishana dukani wakipanga nyanya na bamia juu ya kaunta, nyanya moja kubwa ikiwa Peris, hata Bi. Pramila akawaambia, "Hiyo nyanya mmeshaiminya, sasa mtainunua." Peris mwenyewe, ambaye tangu mwaka 2000 alifanya kazi kwenye duka hilo kila Jumapili baada ya ibada, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyojaliwa kuifanya duniani, alizikusanya nyanya na kuzirudisha kwenye kreti. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka wapi. Na asiulizwe mtu kwa nini hakuna aliyemuuliza, kwani hata sisi tuliokuwepo tulikuwa tumeshachagua upande na tukicheka.

Kufikia msimu wa mwaka 2000 alikuwa amefunga mabao thelathini na moja akicheza kati, na wateuzi wa timu ya vijana ya mkoa wakaanza kumtaja kwa jina. Dawson alitembea gereji nzima akiwaonyesha watu kipande cha gazeti la mtaa. Alikuwa na furaha, na furaha ile haikuwa ya uongo, hilo nalo liandikwe.

Jumapili, tarehe 25 Februari 2001, wakiwa kwenye basi wakitoka kanisani, Peris alimgeukia baba yake na kumwomba, kwa Kiingereza chake, kwamba kuanzia sasa achezeshwe winga, kwa sababu kule mtu hukimbia moja kwa moja tu. Dawson akauliza, "Nani amekulisha maneno hayo? Surjit?" Mtoto akatazama dirishani. Siku mbili baadaye alimwomba Surjit vilevile, na Surjit alipiga makofi, akacheka, akaenda mbio dukani kutangaza kwamba kesi imekwisha, mtoto mwenyewe ametoa hukumu. Mmoja alisikia usaliti na mwingine alisikia ushindi, na baina yao hakuna aliyesikia mtoto.

Mama yake ndiye aliyeona kitu. Jerusha aliona kwamba Peris anapanda ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja, na kwamba chini ya goti la kushoto pamevimba, akampigia daktari wa mtaa na kupata miadi ya Jumatano, tarehe 7 Machi. Jumatano hiyo ndiyo ilikuwa siku ya majaribio ya kwanza ya mkoa. Dawson alimchua mwanawe kwa mafuta, akamfunga bandeji, akasema ni magoti ya mchezaji, hata yake yalikuwa hivyo, akashika simu mwenyewe na kuisogeza miadi mpaka tarehe 18 Aprili, baada ya Pasaka. Mkewe alimwambia, "Baba Peris, mguu hausubiri Pasaka," naye akamjibu kwamba wateuzi ndio hawasubiri. Maneno haya ameyaandika Dawson kwa mkono wake, na amekataa yafutwe.

Jumamosi, tarehe 24 Machi 2001, yalikuwa majaribio ya pili, timu ya Surjit ikicheza mbele ya wateuzi, na Dawson alikuwa amemtumia Surjit ujumbe kwamba mtoto akipangwa winga atahamishiwa timu nyingine Jumatatu, na Surjit, kwa kuogopa kumpoteza, akampanga kati. Dakika ya kumi na moja alifunga. Kipindi cha pili alipokea mpira goli likiwa mgongoni kwake, akazungusha mwili juu ya mguu wa kushoto ili apige, na akaanguka. Hakuna aliyemgusa, refa hakupuliza, mpira ukaendelea upande wa pili, na kwa kitambo fulani uwanja mzima ulikuwa umempa kisogo isipokuwa baba yake, ambaye alipiga kelele akimwambia asimame.

Hospitalini walipiga picha na kuonyesha mfupa uliovunjika mahali ambapo tayari ulikuwa umeliwa, na baada ya siku chache jina la ugonjwa likatajwa, saratani ya mfupa. Daktari kijana alivuta kiti, akamuuliza Peris inauma wapi na tangu lini, na Peris akasema tangu Oktoba, kila anapogeuka. Dawson, akiwa amesimama mlangoni, akauliza kwa nini hakusema. Peris akamjibu kwa Kiswahili, "Nilikwambia, baba. Nilikuomba winga."

Wanaojua mchezo huu wameshaelewa, na wasiojua waelezwe, kwamba mtu wa kati hupokea mpira goli likiwa nyuma yake na lazima ajizungushe juu ya mguu, mara hamsini katika mechi moja, ilhali winga aweza kukimbia mstari ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto wa miaka kumi na mitano hakutaka kulalamika, hakutaka aonekane mwoga mbele ya baba aliyetembeza gazeti gerejini, akatafuta mahali uwanjani ambapo maumivu yangepungua, akaomba apelekwe hapo, mara mbili, kwa watu wawili. Madaktari wamesema zaidi ya mara moja kwamba wiki zile huenda zisingebadilisha kitu. Dawson anaheshimu elimu yao, lakini "huenda" si "hapana", na neno hilo "huenda" halijamwacha alale.

Alipewa dawa kali kuanzia Aprili, na tarehe 19 Julai 2001, siku kumi baada ya kutimiza miaka kumi na sita, mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya goti. Surjit aliacha ukocha, akawa anakuja hospitalini kila jioni na kukaa kwenye benchi la korido pamoja na Dawson, wazee wawili wasiosemezana, hadi Peris akawaita wote ndani na kuwaomba wabishane kidogo, kwa kuwa kimya chao kilimtisha kuliko dawa. Walijaribu. Surjit alianza kuhusu winga, na neno hilo lilipotajwa Dawson akatoka nje.

Hata hivyo marehemu alirudi shule kwa magongo ya kutembelea, akafanya mitihani yake ya sekondari mwezi Juni 2002 na kufaulu masomo manane, akajiunga na chuo Septemba mwaka huo akisomea hesabu na baiolojia. Hakujaliwa kuolewa wala kupata mtoto, na sehemu hiyo ya historia, ambayo kwa wengine hujaza ukurasa, kwake inaishia hapa. Machi 2003 alianza kukohoa, ikaonekana ugonjwa umefika mapafuni, na Septemba madaktari wakasema hawana dawa nyingine.

Mwezi huo huo Dawson alikaa kitandani kwa Peris na kumuuliza anataka alazwe wapi siku itakapofika. Halikuwa swali jepesi, kwani kwetu Taita mtoto hazikwi kwenye udongo wa watu wengine, na kaburi lilikuwa limeshatengwa Werugha kando ya babu yake. Peris alisema London, mahali ambapo mama yake anaweza kufika kwa basi. Wazee wa nyumbani walipiga simu, wakakasirika, wakamuuliza Dawson amekuwa mwanamume gani wa kuongozwa na mtoto, wakasema mgonjwa hajui asemalo. Yeye aliwajibu wote jibu moja, kwamba ameuliza, amejibiwa, na safari hii amesikia. Ndiyo sababu leo hatuko njiani kwenda uwanja wa ndege.

Peris Mkamburi alifariki dunia Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2003, saa kumi alasiri, mama yake akimshika mkono wa kulia na baba yake wa kushoto, akiwa na umri wa miaka kumi na minane, miezi minne na siku nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, na hasa yule daktari aliyevuta kiti, akauliza, kisha akangoja ajibiwe. Inawashukuru majirani wa ghorofa ya nne waliombeba kwenye ngazi kila lifti ilipogoma, wafanyakazi wenzake Dawson wa gerejini na wenzake Jerusha wa nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi waliowashikia zamu, Bi. Pramila aliyelifunga duka lake leo, walimu, waumini wa ibada ya Kiswahili, na wasichana wa timu, mliokaa pale nyuma na sare zenu. Inamshukuru Bwana Surjit, na Dawson anaomba aje akae kiti cha mbele, pamoja na familia.

Peris, baba yako amesema tusiseme umepangiwa mahali pema, kwa sababu ulipangiwa sana. Pumzika kwa amani, mwanetu, hapa ulipopachagua mwenyewe.