Fundi Kesho na Vitambaa Kumi na Saba

Jumanne, tarehe 6 Februari 1951, saa nane mchana, alizaliwa marehemu mama yetu, mtoto wa tatu kati ya sita wa seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, na wiki tatu baadaye alibatizwa.

Alisoma shule ya misheni kuanzia Januari 1959 hadi Novemba 1966, kisha akajifunza ushonaji kwa miaka miwili katika kituo cha kanisa, na tarehe 10 Machi 1969 aliajiriwa katika karakana ya sare, ambako kwa miaka kumi na nusu alishona kola, kola tu, mpaka akasema kwamba sasa angependa kuteremka chini ya shingo. Katikati ya miaka hiyo, Jumamosi tarehe 21 Agosti 1971, alifunga ndoa na fundi bomba wa hospitali, marehemu baba yetu, aliyetangulia mwaka 2011, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili, ambao wote wapo hapa.

Jumatatu tarehe 3 Septemba 1979 alifungua duka lake barazani, akiwa na cherehani moja ya miguu, meza ya kukatia na stuli mbili. Familia imekubaliana lisemwe lililo kweli, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha: kwa miaka kumi ya kwanza mama yetu alikuwa hodari wa sindano na mwongo wa siku. Hakuweza kumkatalia mtu, alipokea kila kitambaa kilichopita mlangoni, na aliyekuja kuchukua nguo yake aliambiwa aje kesho, na kesho yake akaambiwa hivyo hivyo, hata mtaa ukambandika jina la Fundi Kesho, na watu wakataniana kwamba anayetaka gauni la Krismasi apeleke kitambaa Pasaka, na asisahau kutaja ni Krismasi ya mwaka upi.

Novemba 1988 jirani yetu mkunga alileta kitambaa cheupe, ashonewe mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na mmoja aliyekuwa akijiandaa kubatizwa Sikukuu ya Krismasi. Mkunga alirudi mara saba. Bibi alibatizwa akiwa na gauni la kuazima, lililomzidi mabegani, na tarehe 11 Januari 1989 alifariki, kitambaa chake kikiwa bado chini ya meza, hakijaguswa na mkasi. Siku mbili baada ya mazishi mkunga alikuja kukichukua, akakikunja, akasema, "Usijisumbue tena, shoga. Mwenyewe hana haja nacho."

Mama yetu alifunga duka siku tatu, akavirudisha vitambaa ishirini na vitatu nyumba kwa nyumba kwa miguu yake, na Alhamisi iliyofuata alisimama katika ushirika wa akina mama akasema kwamba yeye ni mwizi, kauli iliyowashtua wengine wakaanza kukumbuka vitu vyao vilivyopotea, mpaka alipoeleza kwamba alichoiba ni siku za watu, na kwamba siku hizo si zao wala si zake, ni za Mungu, na hakuna duka la kuzinunulia ili azirudishe.

Tangu hapo alipokea vitambaa viwili tu kwa siku, kila kimoja akakibandika kwa pini karatasi yenye tarehe, na aliyezidi idadi hiyo alimwelekeza kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Jumapili hakugusa cherehani, na Alhamisi alasiri alikwenda kuwaona wagonjwa, akikaa nao bila kutazama saa. Baba alilalamika kwamba alioa fundi, sasa anaishi na sajenti. Jina la Fundi Kesho halikumtoka, na mkunga, ambaye hakumnunia, alikaa miaka sita bila kumletea hata pindo la kushona, hadi mwaka 1995 alipoleta mapazia.

Jumatatu tarehe 7 Agosti 2023 madaktari waligundua uvimbe kwenye kongosho, wakatuambia tuhesabu miezi, si miaka. Uzeeni alikuwa amepunguza kazi hadi vitambaa viwili kwa wiki, na siku hiyo vilikuwepo kumi na saba, vyote vina tarehe, cha mwisho kikiwa cha mwalimu mmoja, cha kuchukuliwa tarehe 17 Oktoba. Dada yetu alimsihi apumzike, akisema, "Mama, watu wataelewa." Akajibu, "Najua. Walielewa miaka kumi nikiwaambia kesho."

Akawa anashona kwa saa mbili tu kila asubuhi, muda uliobaki akakaa na wajukuu, na wageni, na Mungu wake, na kufikia tarehe 6 Oktoba nguo kumi na sita zilikuwa zimechukuliwa kila moja kwa siku yake. Cha kumi na saba alikikata, akashona bega moja, mikono ikakataa. Mwalimu alituma ujumbe kwamba atasubiri hata miezi miwili. Mama alisema, "Mwambieni asinisubiri," na Alhamisi tarehe 12, saa nne asubuhi, akaagiza vipande vipelekwe kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, pamoja na vipimo na tarehe. Jumamosi tarehe 14 Oktoba, saa tisa alasiri, alifariki nyumbani, akiwa na miaka sabini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, mchungaji, ushirika wa akina mama, majirani, na kwa namna ya pekee mkunga, aliyemwogesha kila asubuhi kwa wiki tano za mwisho, pamoja na mafundi wenzake wote. Mama yetu, kazi umeiacha mahali pake. Lala kwa amani ya Bwana.

Jana, Jumanne tarehe 17, saa kumi jioni, mwalimu alichukua gauni lake.