Tumbili Aliyetengwa

Ndani ya basi la asubuhi, kijana mtunza tumbili alikuwa akimweleza mama fundi cherehani, jirani yake wa kiti, majibu ya vipimo vya kinyesi. Mimi nyuma yao nilikuwa na mkate mkononi; nikaurudisha mfukoni.

“Mama, tumbili wanaoishi pamoja wana bakteria wazuri tele tumboni! Hupeana wakichambuana manyoya. Huyu wangu anayeharisha, tangu tumtenge, bakteria hao wanampungua kila wiki. Leo namrudisha kwa wenzake!” “Na akiwaambukiza wote, mwanangu?” “Akibaki peke yake atakufa!” “Na wao je, wakifa?”

Gari likasimama. Kijana akaruka chini, funguo za kizimba mkononi. Fundi akatoa kichwa dirishani: “Mwekee mwenzake mmoja kwanza! Mmoja tu!”

Sijui kama alisikia. Alikuwa keshaanza kukimbia.