Jiwe la Eudora na Likizo ya Visiwa Vitano

Benchi la Ma Titine, muuza kakao, liko chini ya mti wa mkungu, hatua chache kutoka gati la Hillsborough, kisiwani Carriacou katika Karibi, na anayekalia pale na kikombe cha kakao hana siri. Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Alban. Binti yake wa pekee, Shermaine, anayeishi London, alikuwa amemtumia kwenye simu mpango wa likizo yake na mumewe: siku kumi na nne, visiwa vitano "ambavyo bado havijaharibiwa". Carriacou, alikozaliwa, ilipewa alasiri moja. Mwishoni aliandika: Baba, saa sita nalipia kila kitu, kama kuna la kubadilisha niambie. Sasa ilikuwa saa tano na nusu, na Alban alikuwa amefura kwa hasira. Nyumbani kwake jiwe la kaburi la mkewe Eudora lilikuwa limelazwa kitandani, upande aliokuwa akilala marehemu, chini ya shuka, mwaka wa tatu huu. Jiwe halisimamishwi mtoto wa marehemu asipokuwepo, na shughuli yenyewe ni ngoma usiku kucha, kisha kutwa nzima ya kula.

— Hebu soma tena, alisema Profesa, karani mstaafu wa forodha.

— "Carriacou. Kufika saa saba. Chakula na Baba. Kuondoka saa kumi."

— Huo muda ngoma ya Wakromanti, ya kufungulia shughuli, haijapata hata joto, alisema Msumeno, fundi wa mashua.

— Ni yule mume, alisema Profesa. Kagoma kulala kwako. Choo kiko nje.

— Choo changu kina kufuli, alisema Alban.

— Choo kitu gani? Msumeno akainama mbele. Hao wanakuja kupima ardhi, bwana. Saa tatu zinamtosha kabisa mtu mwenye kamba.

— Ardhi ya ukoo atamuuzia nani? aliuliza Alban.

— Ndiyo maana wanapita visiwa vinne kwanza. Wanakusanya saini za binamu.

— Binamu zake wote wako hapa hapa.

— Hao unaowajua wewe.

Alban alijua ni upuuzi, ila ulimchoma vilevile. Ma Titine naye akaweka birika chini.

— Mtoto anamwogopa mama yake. Eudora hajasimamishiwa jiwe, basi roho yake inazurura. Juzi kuku wangu wamelala juu ya paa.

— Kuku wako walilala juu ya paa Eudora akiwa hai, alisema Alban.

Alban akageuza simu wauone ujumbe aliokwisha kuuandika: Usisumbuke kuja.

— Tuma, alisema Msumeno. Akili itamrudi.

— Ukituma hiyo, utalala na hilo jiwe mpaka unakufa, alisema Ma Titine.

— Na atume, alisema Profesa. Ana haki yake.

Kidole cha Alban kilikuwa juu ya kioo cha simu. Wakati huo mwanamke mwenye sanduku, nesi mpya wa zahanati aliyeshuka na boti ya asubuhi, akaomba kakao. Kabla hajaketi vizuri alikuwa ameshasimuliwa yote, na watu watatu kwa mpigo. Akakipuliza kikombe chake.

— Na alisemaje ulipomwambia jiwe liko tayari?

Msumeno akajikuna shingo.

— Kwetu mtoto ndiye anayeuliza, alisema Alban. Mimi la baba yangu niliuliza mwenyewe.

— Ndivyo ilivyo, alisema Profesa, safari hii kwa sauti ndogo.

— Sawa, mzee wangu. Na mtoto nani humfundisha kwamba anatakiwa kuuliza?

— Mama yake, alisema Alban.

Lilimtoka kabla hajalifikiria, na mama huyo ndiye aliyekuwa akingojea jiwe. Akaufuta ujumbe, herufi moja moja. Kisha akapiga simu. Shermaine akapokea mara moja.

— Usilipe kwanza, mwanangu, alisema Alban. Jiwe la mama yako liko nyumbani. Miaka mitatu nalala nalo kitanda kimoja.

Ma Titine akasogea kusikiliza. Kisha sauti ya binti ikatoka, imejaa machozi, na benchi zima likaisikia.

— Baba, kwa nini hukuniambia?

Alban akawatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akamwambia alikuwa anangoja aulizwe.