Hieronimo Emmanueli, Aliyefunga Vizimba vya Mbegani

Jumatatu tarehe 6 Oktoba 2025, mzee wetu Hieronimo Emmanueli alipokata roho nyumbani kwake Mbegani, walikuwepo mkewe mama Paskalina, mwanawe Clever, binti yake Hope akiwa amempakata mtoto wake Linda, jirani yetu Bi Dija, na Ramadhan aliyefanya naye kazi baharini, ambaye ndiye aliyekuwa amemwegemeza kifuani ili apate kupumua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1963 kisiwani Ukerewe, akasoma huko hadi darasa la saba mwaka 1978, akafunga ndoa na Paskalina tarehe 22 Juni 1991, wakajaliwa watoto wawili, Clever na Hope. Alikuwa mvuvi ziwani, kisha akajifunza kuunda vizimba vya kufugia samaki, yaani wavu unaoning'inia chini ya fremu ya mapipa yanayoelea, na mwaka 2017 akahamia hapa kufuga samaki aina ya mwatiko baharini.

Kizimba cha kwanza alikifunga kama walivyofunga ziwani, kwa kamba fupi zilizokazwa hadi kwenye nanga, maana ziwa halijai na kupwa kila siku, na lilipofika bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ikapanda, kamba zikakishikilia kizimba chini, mapipa yakazama, samaki wakapita juu ya wavu wakaenda zao. Alikaa ufukweni na nguo mbichi, hataki kula, akamwambia mkewe wafungashe warudi kwao. Bi Dija, aliyekuwa akilima mwani hapo jirani, alimletea uji na kamba zake mwenyewe, akamwambia, "Baba Clever, umeifunga bahari kama mbuzi? Maji yakijaa yaende wapi? Haya, kunywa uji, tukalegeze." Marehemu akacheka, akanywa, wakabaki Mbegani.

Tangu hapo kila kamba aliipima maji yakiwa yamejaa kabisa, akaining'inizia uzito katikati ili maji yakipwa isijisokote, na juu ya fremu akaweka paneli ya sola ya kuwasha taa, mashua zisije zikakigonga kizimba.

Februari 2024 aliugua figo, na kila bamvua lilipokaribia alikosa raha, kwani hakujua nani atazitunza kamba zake. Hope alirudi nyumbani na mtoto mgongoni, na baba akamfundisha kufunga kamba kwa karai la kumwogeshea Linda, kifuniko cha ndoo na uzi, akimimina maji kidogo kidogo hadi binti aone mwenyewe kifuniko kinapozama na kinapopanda. Jumamosi tarehe 4 Oktoba, Hope na Ramadhan walibadilisha kamba iliyochakaa, na Hope ndiye aliyeifunga. Aliporudi baba akamuuliza, "Umeiachia nafasi?" Akajibu, "Nimeiachia, baba." Baba akalala usingizi mzuri, wa kwanza baada ya siku nyingi.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi yule aliyempasha moto mikono kabla ya kumchoma sindano, wafugaji wenzake waliolisha samaki wake bila kuombwa, majirani wa Mbegani, na Bi Dija, ambaye mpaka asubuhi hii uji wake uko jikoni kwetu.

Pumzika baba, kwa amani ya Mungu. Alfajiri ya leo bamvua limejaa, na kizimba kimepanda pamoja na maji, samaki wakiwa ndani.