Sira ya Gavana na Ukuta wa Kaltuma

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, Mheshimiwa Jaji Mahir Lali Shee Vumbi, Gavana wa mkoa, alikuwa ofisini mwake hapa Kismayo akisikiliza raia, kama afanyavyo kila Jumanne kabla ya adhuhuri. Nasi watatu, tuliokuwa na jambo la kumwambia, tulikuwa kijiweni. Kijiwe chetu ni ubao wa mtumbwi mkuukuu uliowekwa juu ya matofali, ukaegemezwa ukuta wa Kaltuma, mjane anayetuuzia kahawa kupitia dirishani. Ukuta huo ulikuwa umepigwa alama ya msalaba kwa rangi nyekundu, kwa sababu barabara mpya ya bandarini ingepita hapo, na tingatinga lilitarajiwa Jumamosi. Tulikuwa tumemwahidi Kaltuma kwamba tutakwenda kumwombea. Ila kwetu sisi tuliotoka visiwani, mtu mkubwa haendewi na ombi tupu. Kwanza husomewa sira yake, tangu kuzaliwa hadi cheo, ndipo haja ifuate. Sira hiyo tulikuwa tukiitengeneza tangu Ijumaa.

Watengenezaji walikuwa Abubakar, baharia mstaafu ambaye bado humwita mtu “mchu” kama visiwani, aitwaye Rufaa kwa kuwa hakuna neno asilolipinga. Shihab, fundi wa simu, aitwaye Redio. Na mimi, karani wa mahakama mstaafu, ambaye hawakuona jina jingine linalonifaa, wakaniita Karani.

KARANI: Tuanze upya. Alizaliwa Chula, tarehe 3 Machi 1954.

RUFAA: Nakata rufaa. Alizaliwa Koyama. Mamake mchu wa Koyama, na mchu huzaliwa kwa mamake.

REDIO: Nyote mmekosa. Alizaliwa baharini, kati ya visiwa viwili. Ndiyo maana hana upande kwenye kesi.

KARANI: Nani kakwambia?

REDIO: Binamu yangu, yuko Oslo.

RUFAA: Oslo na Chula wapi na wapi?

REDIO: Ana simu kubwa.

Tukakubaliana tuseme “visiwani”, neno ambalo halikumridhisha yeyote, tukaingia kwenye kesi ya kasa. Kesi hii haiwezi kuachwa, kwani ndiyo iliyompa Jaji umaarufu. Wazee wetu walivua kasa kwa taza, yule samaki anayefungwa kamba mkiani na kuachiwa aende akanase kwenye gamba. Sasa, mwaka 1987, wavuvi wawili walivuta kamba zao, wakakuta taza wao wote wawili wamenasa kasa mmoja.

KARANI: Jaji aliuliza taza gani alitangulia kunasa.

RUFAA: Hakuuliza. Mahakama aliihamishia ufukweni, akavua viatu, akaingia majini na joho lake.

REDIO: Kumbe hujui. Alimwita kasa kizimbani.

RUFAA: Kasa?

REDIO: Alibebwa na askari wanne. Akaapishwa.

RUFAA: Aliapa kwa mkono gani?

REDIO: Wewe uliza tu. Binamu yangu anaye mtu aliyekuwepo.

KARANI: Aliyekuwepo ni mimi. Nilikuwa nimeketi mbele kabisa, na kalamu nilipewa na Jaji mwenyewe.

Ningependa kueleza kwamba hakuna aliyeniuliza habari ya kalamu. Tulibaki hapo hapo kwa vikombe viwili vya kahawa, kasa wetu akazidi kukua, na mwisho alikuwa mkubwa kuliko mahakama. Ndipo tukavuka hadi mwaka 1991, watu walipokimbia vita kwa mashua kwenda Mombasa.

RUFAA: Yeye ndiye aliyeshika usukani.

REDIO: Humo humo mashuani aliamua kesi tatu. Abiria wawili waligombania kivuli cha tanga, akawagawia kwa saa.

RUFAA: Na jua lilipogeuka?

REDIO: Walikata rufaa.

RUFAA: Hapo nakubali.

Dirisha likafunguka. Kaltuma alitoa kichwa, kipepeo cha jiko mkononi.

KALTUMA: Ami Karani, mmefika wapi?

KARANI: Mwaka 1991, mwanangu.

KALTUMA: Na ukuta wangu uko mwaka gani?

Rufaa akamtazama Redio. Redio akaitazama simu yake, ambayo haikuwa imelia. Mimi, ninayejua tarehe ya kila uteuzi wa majaji wa pwani hii, nikaanza kuirudia sira moyoni tangu 1954. Katika sira yote ile, ukuta wake haukuwamo.

Kaltuma alivaa buibui, akafunga mlango, akasimamisha bajaji.

KALTUMA: Nitazamieni jiko.

RUFAA: Wenda wapi, bibie?

KALTUMA: Kwa huyo mchu wenu.

Bajaji ikaondoka.

REDIO: Hatapokewa. Hajui hata babake Gavana ni nani.

RUFAA: Tumfuate.

KARANI: Tumfuate na sira iliyokatika? Bado hatujamrudisha kutoka Mombasa, wala hatujamfikisha ujaji wa rufaa, na ugavana ni mwaka 2019.

RUFAA: Ugavana ni 2020.

Swali hilo lilitushika mpaka birika likakauka. Rufaa alipoingiza mkono dirishani kutafuta kahawa, aligundua kwamba jiko limezimika, na kwamba katika watu wazima watatu, hakuna anayejua viberiti vinawekwa wapi.

Kaltuma alirudi baada ya sala ya adhuhuri. Alilitazama jiko, akatutazama sisi, akaanza kuwasha makaa.

KARANI: Ulimwambia nini, mwanangu?

KALTUMA: Kwamba naitwa Kaltuma, na barabara yao yapita jikoni kwangu.

REDIO: Basi?

KALTUMA: Basi. Akaniuliza, mbona sikumwanzia alipozaliwa kama wengine. Nikamwambia wazee wa mtaani wanaitengeneza.

RUFAA: Akasemaje?

KALTUMA: Kacheka, kasema msiharakishe.

Alhamisi, tarehe 16, mhandisi alikuja na utepe wa kupimia. Barabara ilisogezwa upande wa pili, penye ghala lisilo paa, na Kaltuma akaufunika ule msalaba kwa chokaa.

Ninaandika haya kwa sababu Redio amekwisha kurekodi sauti yake na kuituma Mombasa na Oslo, na sasa inasikilizwa mpaka kwenye kambi za wakimbizi: kwamba ujumbe wa wazee watatu ulimwendea Gavana, ukamsomea sira yake yote, Gavana akalia, akaifuta barabara. Inapasa isahihishwe. Gavana hakulia, alicheka. Barabara haikufutwa; ilisogezwa. Na ujumbe haukuwa wa watu watatu. Ulikuwa wa mtu mmoja, na wale watatu walikuwa wamekaa nje ya nyumba yake.