Jina la Somoe kwenye Spika za Gulamali

Kijiwe chetu hapa Kilindoni ni benchi moja refu mbele ya duka la Gulamali, pamoja na birika la kahawa la Mzee Matano. Mimi naitwa Fotokopi. Jina langu ni Iddi, lakini tangu nifungue kibanda cha kuchapa hapo jirani hakuna anayelikumbuka. Alhamisi ile Mzee Matano alikuja na jicho moja limefungwa bandeji, na la pili lina ukungu. Alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na daktari amemkataza safari ya bahari. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda bara kwenye mahafali ya Somoe, bintiye wa pekee. Chuo kilikuwa kinarusha sherehe mtandaoni, ila mzee asingeweza kuona kioo, basi tukamwahidi kwamba atasikia. Gulamali akatoa amplifaya na spika zake mbili, mimi nikaleta kompyuta, tukaunganisha. Tukajaribisha kwa taarifa ya habari. Spika zikatoa mvumo, mmmmmm, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, na maneno ya msomaji yakazama humo yote.

— Wanaanza saa nne, — alisema Mzee Matano. — Sasa saa ngapi?

— Tatu na nusu. Usiwe na wasiwasi, mzee.

Wasiwasi nilikuwa nao mimi.

— Chumvi hiyo! — akasema Ussi. Huyu tunamwita Injinia tangu siku alipowasha mashine ya boti iliyowashinda mafundi wawili. — Hewa ya hapa imekula waya. Leteni kisu.

Akakwangua waya wa sauti pande zote mbili. Mvumo ukabaki palepale, na juu yake ukaongezeka mkwaruzo.

— Simu zenu ndizo! — akadakia Bi Biubwa, muuza kashata, ambaye habari zote za mji hutufikia kupitia kwake, ndiyo maana ni Redio. — Simu ikikaa karibu na spika inatia kelele. Zitoeni hapa.

Tukazitia simu zote kwenye kapu lake, akalivusha barabara. Mvumo haukujali.

— Umepata simu tano za bure, Redio, — Ussi akamtania.

— Na wewe umetufupishia waya.

Gulamali akasafisha koo. Ni mtu wa kusema kidogo, duka alilirithi kwa babake, na amplifaya ile anaifuta vumbi mwenyewe.

— Mimi nasema ni majenereta. Umeme wetu si unatoka kwenye majenereta? Basi mngurumo wake unapanda nguzo, unafuata waya, unatokea hapa.

— Mbona feni yako haingurumi?

— Feni haina mdomo, Injinia. Spika ina mdomo.

Ussi akaitazama feni, kisha spika.

— Nyote hamjui, — Redio akasema. — Ni papa potwe. Waya wa intaneti si unapita baharini? Yule ana mgongo kama lori. Anajikuna.

— Ajikune robo saa nzima bila kupumzika?

— Wewe ukiwashwa mgongo na mikono huna, utapumzika?

Tulicheka sote isipokuwa Mzee Matano. Alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

— Jamani, — akasema polepole. — Nilimwambia Somoe nitasikia jina lake. Jana tu nimemwambia.

Mzaha ukaishia hapo.

Nikachomoa waya wa sauti kwenye kompyuta, spika zikawa kimya. Nikaurudisha, mvumo ukarudi.

— Kumbe mchawi ni kompyuta yako! — Ussi akafoka.

Gulamali aliweka kiganja juu ya kompyuta, akakitoa upesi.

— Inatekenya, ina umeme. Fotokopi, hebu chomoa chaja.

Nikachomoa. Mvumo ukakatika papo hapo, na msomaji wa habari akasikika kama amekaa nasi benchini. Bi Biubwa akapiga kigelegele.

— Amplifaya imechomekwa ukutani, na chaja imechomekwa ukutani, — Gulamali akaeleza, — halafu zimeungana tena kwa waya wa sauti. Umeme umepata njia ya kuzunguka.

— Ndivyo nilivyosema, — akasema Ussi.

— Ulisema chumvi!

Mimi sikufurahi sana. Betri ya kompyuta ile ni ya zamani, bila chaja haimalizi robo saa. Hotuba peke yake zingeila. Tukakubaliana turudishe chaja, tuvumilie mvumo, nami nikodolee kioo. Kundi la Somoe likisimama, tuchomoe.

Hotuba zikaenda weee. Kundi la kwanza, la pili, la tatu. Saa tano na robo nikamwona Somoe mwenyewe kwenye kioo, akiinuka na wenzake. Nikachomoa chaja. Majina yakaanza kusomwa, safi, moja moja, na alama ya betri ikaanza kushuka. Arobaini. Ishirini na tano. Kumi na mbili. Kioo kikafifia.

— Rudisha chaja! — Ussi akaninong'oneza.

— Nikirudisha hatasikia!

— Ikizimika je, atasikia?

Mzee Matano akainua mkono mmoja, tukanyamaza. Betri ilikuwa asilimia nne.

— Somoe Matano Abubakari, — zikasema spika.

Majina mawili zaidi, kompyuta ikazimika.

Mzee alisimama. Machozi yalimtoka kwenye lile jicho lililo wazi, na bandeji nayo ikalowa. Gulamali akamkumbatia. Wakati huo akapita Mwalimu Taufiki, aliyehamishiwa kwetu wiki ile kutoka Bweni.

— Shikamooni wazee. Kuna nini, kheri?

— Marahaba. Kheri tupu, mwalimu! — Redio akamjibu. — Somoe wa Mzee Matano amehitimu chuo!

— Mashaallah! Hongera sana, mzee. Amesomea nini?

Ussi alinitazama. Mimi nikamtazama Gulamali.

— Digrii, — Ussi akasema.

— Digrii ya nini?

— Ya… chuo.

Mzee Matano alifuta uso kwa kanzu.

— Fotokopi, nipigie Somoe.

Redio akalifuata kapu la simu ng'ambo ya barabara, nikapiga. Somoe alipokea mara ya tatu, nyuma yake watu wanashangilia.

— Baba! Umesikia?

— Nimesikia, mama. Kila herufi. Lakini hapa naulizwa umesomea nini, na mimi sijui.

Somoe akasogea mbali na kelele.

— Mbona siku zote hukuniuliza, baba?

— Niliogopa utanieleza, nami nisielewe.

— Unaikumbuka minazi ya bibi kule Kirongwe, ilivyonyauka yote?

— Naikumbuka. Nililia.

— Nimesomea kilichoiua. Una nafasi nikueleze?

Mzee Matano akaketi benchini, simu ameibana sikioni, akatuashiria tujimiminie kahawa wenyewe. Tukajimiminia kimyakimya. Yeye alikuwa akiitikia, "Enhe… enhe…" Mara akamkatiza:

— Hapo hapo, mama. Hapo sijaelewa. Rudia.