Normand Bilodeau, Aliyetaka Tozo ya Barabara Ipigiwe Kura

Jina lake Normand Bilodeau, mkazi wa Lewiston, Maine. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo alivyoanza yeye kila alipopewa kipaza sauti.

Kaka yangu alizaliwa tarehe 6 Novemba 1946, wa kwanza kati yetu wawili. Alisoma shule ya parokia hadi darasa la nane, akaingia kazini. Kwa miaka thelathini na minane aliendesha lori la maziwa kwenye barabara kuu, na wakusanya tozo walimtambua kwa honi kabla hawajamwona.

Mwaka 1971 alimwoa Claudette. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 2009 Claudette, akili ikiwa imeanza kumpotea, alipelekwa kutunzwa kwenye nyumba ya wagonjwa iliyoko ng'ambo ya lango la tozo, na Normand akawa anavuka kila siku kwenda kumlisha. Ndipo bodi ya barabara ikapandisha tozo.

"Senti zenyewe si kitu," aliniambia. "Lakini hao waliopandisha, nani aliwapigia kura?"

Akambembeleza mbunge wetu mpaka akapeleka mswada Augusta, kwenye bunge la jimbo: tozo isipande kabla wabunge wa jimbo hawajapiga kura, kila mmoja kwa jina lake. Mswada ukafia kwenye kamati. Ulirudishwa, ukafa tena. Mara sita kwa jumla. Mara zote sita mwananchi aliyekwenda kuutetea alikuwa yeye peke yake, na tozo akailipa kwenda na kurudi.

Karani wa kamati, Bi Prudence Eastman, humtaka kila msemaji ataje jina na mji.

"Prudence, mwanangu, leo hunijui?"

"Nakujua, mzee. Kipaza sauti ndicho hakikujui."

Claudette alifariki mwaka 2018. Nikamwambia, "Kaka, lango huvuki tena. Augusta unafuata nini?"

"Kule wananiuliza jina langu, Jeannine."

Nikacheka, nikamwongezea pai ya nyama. Aliniomba mara nyingi nimsindikize. Nilisema nina kazi. Sikuwa na kazi.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba iliyopita. Alifariki nyumbani kwake tarehe 11 Februari 2025, akiwa peke yake. Zilipita siku mbili kabla sijampigia simu kumjulia hali. Mezani tulikuta kurasa mbili za maelezo aliyoyaandaa kwa kikao cha kamati cha Machi, mswada ukirudi mara ya saba.

Ardhi ilikuwa imeganda kwa barafu, haichimbiki, kwa hiyo maziko yakangoja hadi leo, tarehe 10 Mei. Kikao hakikungoja. Nilikwenda mimi. Bi Prudence akaniuliza jina na mji, nami nikataja jina la kaka yangu. Hakunisahihisha. Aliinamisha kichwa, akaandika.

Nilisoma kurasa zote mbili. Wajumbe sita walikubali, saba wakakataa. Miaka yote ya nyuma hakuwahi kupata zaidi ya wawili.

Ameacha dada mmoja, mimi Jeannine, na mswada mmoja.

Normand Bilodeau, wa Lewiston. Pumzika kwa amani, kaka. Safari ijayo ya Augusta ni yangu.